Mfinyanzi anayebisha hodi kwenye majivu

Saa moja asubuhi, Bernadeta Nkwabi anasimama mbele ya nyumba ambayo haipo. Anakohoa kidogo, kama afanyavyo mgeni mwenye adabu, kisha anasema, "Hodi."

Hakuna anayejibu. Mbele yake pana duara la majivu, mafiga matatu, na bawaba ya mlango iliyopinda. Anabisha mara ya pili. Anabisha mara ya tatu. Halafu anainua mguu, anavuka kizingiti kisichokuwepo, anaingia.

"Huwezi kuingia kwa mtu bila kubisha," anamwambia aliye nyuma yake bila kugeuka. "Nyumba imeondoka, lakini kwake bado ni kwake."

Anachuchumaa karibu na mafiga, anachota majivu kwa ungo, anapepeta taratibu kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Vumbi la kijivu linapanda na kutua kwenye nyusi zake. Mwishowe kinabaki kigae cha chungu, ukubwa wa kiganja. Anakipuliza, kisha anapitisha kidole gumba chini ya mdomo wa chungu hicho.

"Mifupa ya samaki," anasema. "Hapa ni kwa Gladness, mke wa fundi baiskeli. Andika."

Revocatus Paulo, katibu wa kamati ya maafa ya kijiji, analaza daftari kwenye goti na kuandika. Ni nyumba ya arobaini.

Hapa ni Nyamatale, kijiji cha kando ya ziwa, mwendo wa saa mbili kwa lori kutoka Igoma. Jumapili ya tarehe 14 Septemba mwaka huu wa 1997, watu wengi wakiwa kanisani, moto wa nyika uliruka kilima na kushuka na upepo. Ibada ilipokwisha, upande mzima wa juu wa kijiji ulikuwa umekwisha pia. Mzee mmoja kipofu hakuwahiwa. Alikuwa baba yake Chenge, mfugaji anayejulikana na kila mtu hapa.

Leo ni siku ya kumi na moja. Jogoo hawawiki, maana hawapo. Ng'ombe waliosalia wakifika kwenye mpaka wa nyasi nyeusi husimama, na hata wachapwe hawavuki. Hapa na pale moshi mwembamba unatoka ardhini, pasipo na kuni wala mtu, kwa kuwa mizizi bado inaungua huko chini kimyakimya. Jua likianza kuyapasha mawe makubwa ya kilimani, moja hupasuka kwa mlio mkavu, halafu kimya hurudi kizito kuliko kwanza.

"Yalikunywa moto," Bernadeta anasema kuhusu mawe hayo. "Sasa yanacheua."

Ana umri wa miaka hamsini na minane. Kazi yake ni kufinyanga vyungu, kazi aliyorithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Hajawahi kuajiriwa, wala hajui kusoma. Lakini kwa siku nne hizi hakuna mtu anayetafutwa Nyamatale kama yeye.

Sababu ni hii. Shirika moja la dini lenye ofisi Mabatini, mjini Mwanza, limekubali kuwasaidia walioungua. Kila kaya itapata bati kumi na mbili, kilo mbili za misumari, blanketi mbili na gunia la unga. Sharti ni kwamba jina liwe kwenye daftari la kijiji, na daftari lifike mjini Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ijumaa ni kesho. Juu ya ziwa mawingu yameanza kujikusanya, na redio inasema mvua za mwaka huu hazitakuwa za kawaida.

"Mara ya kwanza tulihesabu kwa mdomo," Revocatus anaeleza. "Tukapata nyumba tisini na mbili. Nyumba zote za huku juu, hata ungehesabu na mabanda ya kuku, hazifiki hamsini." Anacheka kidogo kwa aibu. "Kila mtu aliongeza ya shemeji yake. Wengine wa haki wakakosa, kwa sababu walikuwa wamekimbilia kwa ndugu."

Hati zilikuwa zimeungua, na kadi za kliniki pia. Zamani balozi wa nyumba kumi angetoa ushahidi, lakini tangu vyama viwe vingi kuna wasiotaka balozi wa chama tawala awasemee. Mabishano yakawa makali hadi mkutano ukavunjika.

Ndipo mtu mmoja akakumbuka vyungu.

Wazee walitega kitendawili hiki: nilichomwa mara moja, moto wa pili ukanikuta nimekuwa ndugu yake. Jibu ni chungu. Nyumba ya nyasi na miti huteketea, kitanda huteketea, sufuria nyepesi ya alumini huyeyuka ikawa kama ute. Chungu kilichotoka tanuruni kikiwa kizima huweza kupasuka paa likikiangukia, lakini hakiungui. Katika nyumba moja hapa, Bernadeta alikuta mtungi umesimama wima peke yake uwanjani. Ndani mlikuwa na maji, na juu ya maji utando wa majivu. Alitia mkono. Siku ya nane baada ya moto, maji yalikuwa bado ya uvuguvugu.

"Niliutoa mkono haraka," anasema. "Sikupenda."

Na vyungu vya Nyamatale vinasema ni vya nani. Kukiwa na harusi au msiba, akina mama huazimana vyungu vya kupikia, ishirini hata thelathini, na mwisho kila kimoja lazima kirudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo mwanamke anapomwagiza Bernadeta chungu, huchagua alama yake, naye huichora chini ya mdomo udongo ukiwa mbichi. Kuna mifupa ya samaki, kuna nyayo za kuku, kuna mistari miwili na nukta. Bernadeta anazo alama hamsini na mbili kichwani. Hajawahi kuziandika popote.

"Huyu mama ndiye daftari," Revocatus anasema.

"Daftari lina karatasi," Bernadeta anamjibu. "Mimi nina magoti, na yanauma. Twende."

Kwa kazi hii kamati inampa kilo mbili za unga kwa siku. Si haba, anasema. Tangu soko huria liingie na ndoo za plastiki zijae madukani, biashara yake imesinyaa. Zamani aliuza vyungu thelathini kwa mwezi. Sasa kumi ni bahati, kwa shilingi mia nne kila kimoja. Mumewe alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba miaka mitatu iliyopita, akaenda visiwani kutafuta samaki. Hutuma salamu.

Wakipanda kilima, wawili hao hupunguza urefu wa njia kwa vitendawili.

"Kitendawili," Bernadeta anasema.

"Tega, mama."

"Nina jina, lakini hakuna aniitaye."

Revocatus anafikiri. Anasema kaburi. Anasema mbwa koko. Anasema mke wa pili, na Bernadeta anacheka hadi anashika kiuno.

"Basi nimeshindwa. Chukua mji. Nakupa Igoma."

"Igoma nimefika, nimenunua misumari, nimerudi. Hautoshi."

"Nakupa Butimba, na chuo chake chote cha walimu."

"Wasomi wengi huko, watanichosha. Jibu nitakupa tukifika juu."

Juu wamebakiza mahali pamoja tu. Ni karibu na kilele, ambako mawe mawili makubwa yameegemeana kama watu wanaonong'onezana. Kuna duara la majivu pale, dogo kuliko mengine, lakini kwenye mikutano kila aliyeulizwa alijibu vilevile: hapo hakuna mtu.

Jana yake Chenge alikuja ofisini kusema hivyo hivyo. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyenyoa kichwa kwa msiba wa baba yake.

"Moto ulianzia juu," alisema. "Kila mtu aliuona ukishuka. Juu alikaa nani? Mimi sitaji jina. Lakini macho yake mliyaona, mekundu kama kaa. Sasa amekwenda, na nyumba yake imekwenda. Msimwandike mtu ambaye hayupo."

Aliyemsema bila kumtaja ni Tereza, mjane aliyeolewa hapa akitokea Ukerewe. Watoto wake hawakukua. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walimsogeza juu kidogo, kisha juu zaidi, hadi akafika penye mawe. Amepika kwa samadi maisha yake yote, katika kibanda kisicho na dirisha, na macho yake yamefanya kama yanavyofanya macho katika moshi. Katika vijiji vya huku, macho ya namna hiyo huitwa ya kichawi, na yameponza wanawake wazee wengi. Wengine hawakuamka.

Bernadeta alisikiliza maneno ya Chenge akiwa amekaa kwenye benchi la ofisi, akitazama chini. Alikuwa na sababu ya kutazama chini. Kila Jumamosi kwa miaka arobaini amechoma vyungu uwanjani kwake, kwa nyasi, kuni na samadi kavu. Macho yake pia ni mekundu.

Na kuna jambo lingine. Nyumba yake ipo upande wa chini, karibu na bonde la udongo wa mfinyanzi, na ulimi mmoja wa moto ulifika hadi kwenye uwanja wake. Hapo ulizimika. Nyumba yake haikuguswa.

"Uwanja wangu hauna nyasi, nimeuchoma miaka yote, moto ungekula nini?" anauliza. "Lakini watu hawaulizi moto ulikula nini. Wanauliza kwa nini ulinipita. Nikisema si Tereza, watatafuta mwingine. Nani Nyamatale anawasha moto kila wiki?"

Anafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Jana usiku sikula."

Saa nne kasoro wanafika kwenye mawe. Upepo umekufa. Ziwa linaonekana kule chini, limetulia, rangi ya bati jipya. Revocatus anatazama mbali, kama mtu asiyetaka kuonekana yupo.

Bernadeta hafanyi haraka. Kwanza anazunguka jiwe kubwa, upande wa pili ambao hautazami kijiji. Jiwe huko limebabuka, vipande vyake vimetoka kama maganda ya vitunguu, na udongo chini yake umeiva hadi ukawa mwekundu. Anarudi upande wa Tereza. Huku uso wa jiwe ni safi.

"Moto ulitoka ng'ambo ya kilima," anasema. "Ulilipiga jiwe huku nyuma, ukaruka. Cheche ziliangukia paa lake kama zilivyoangukia mapaa ya wote. Mimi nachoma udongo, mwanangu. Moto unapokaa sana napajua."

Halafu anakwenda kwenye majivu, anachuchumaa pembeni bila kuingia, anaokota vigae viwili. Anapitisha kidole gumba. Anakipitisha tena.

"Hamna alama," Revocatus anasema. Katika sauti yake kuna kama nafuu. "Mama, hamna alama. Niandike hakuna mwenyewe?"

Bernadeta anapangusa majivu kwenye vigae. Jiwe linapasuka mahali fulani. Moshi unatoka ardhini karibu na mguu wake, unamzunguka, unapotea.

"Alikuja kuagiza chungu mwaka wa themanini na tisa," anasema mwishowe. "Nikamuuliza, shangazi, nikuchoree alama gani? Akasema ya nini. Mimi nani ataazima chungu changu? Kwenye msiba wa nani? Nikafinyanga nikaacha hivyo hivyo. Sijawahi kutengeneza kingine cha namna hiyo. Vyungu vyote vina alama, kwa hiyo kisicho na alama kina mwenyewe mmoja tu."

Anaweka vigae mapajani.

"Huyo ndiye jibu la kitendawili nilichokutegea."

Kisha anasimama. Anakohoa kidogo. Anasema, "Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Revocatus anatazama njia ya kushukia.

"Hodi."

"Karibu," inajibu sauti.

Daftari linaanguka kwenye majivu. Sauti haikutoka mbali. Imetoka ndani ya mawe, kavu na ya taratibu, kama ya mtu aliyekuwa akingoja zamu yake. Katika ufa kati ya mawe mawili, mahali ambapo mbuzi angepita kwa shida, kitu cha kijivu kinasogea. Unatoka mkono, halafu kichwa, vyote vimepakwa majivu, na katikati ya majivu macho mawili mekundu.

Revocatus amerudi nyuma hatua tano. Bernadeta hajasogea.

"Shikamoo, shangazi," anasema.

"Marahaba," Tereza anajibu. "Umechelewa. Nilikusikia tangu juzi unabisha kule chini. Nikasema huyu atafika lini kwangu."

Amekaa humo siku kumi na moja. Alikunywa maji ya mtungi aliokuwa ameuweka kivulini kwenye ufa huo kabla ya moto, akala mihogo iliyojichoma yenyewe shambani. Aliwasikia watu waliopanda kutazama, na alisikia walichosema.

"Walisema nimeungua," anasimulia akiwa ameketi juu ya figa. "Mwingine akasema afadhali. Nikaona basi, nikitoka nitawaharibia furaha."

Hacheki, lakini kona ya mdomo wake inasogea. Bernadeta anampa kipande cha kiazi alichofunga kwenye kanga. Tereza anakila polepole, akikinga makombo kwa kiganja.

Revocatus anaokota daftari, analikung'uta. Kwa mujibu wa kamati, jina lenye mabishano huhitaji shahidi anayeweka dole gumba mbele yake.

"Mama," anamwambia Bernadeta kwa sauti ya chini, "ukiweka dole hapa, itasomwa mkutanoni leo jioni. Chenge atakuwepo. Unajua watakachosema."

"Najua."

"Unaweza kuacha. Ashuke tu, aombe unga kwa padri."

"Mtu ambaye hayumo kwenye daftari, akipotea kesho, nani ataulizwa?" Bernadeta anasema. "Wameshasema hayupo. Imebaki kulifanya neno hilo kweli tu."

Anabonyeza kidole kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Revocatus anamgeukia Tereza.

"Jina kamili, bibi?"

Tereza anamtazama kama hakuelewa swali.

"Tereza Magesa," anasema. "Magesa ni baba yangu. Yupo mtu atalisoma hilo?"

"Litasomwa, bibi."

Jioni ile lilisomwa. Watu walikuwa wengi nje ya ofisi. Katibu alipotaja nyumba ya arobaini na moja na jina la shahidi wake, minong'ono ilianza nyuma, ikasogea mbele. Chenge alisimama.

"Mama Bernadeta," alisema, "wewe na huyo mna nini?"

"Tuna moshi," Bernadeta alimjibu. "Yeye wa kupikia, mimi wa kuchomea. Nenda nyuma ya jiwe ukatazame moto ulikotoka. Baba yako alikuwa mteja wangu, Chenge. Mtungi wake nimeuweka kwangu, haukupasuka. Siku utakayouhitaji njoo uuchukue. Na ukiwa na neno, njoo nalo mchana, na ubishe."

Chenge aliondoka kabla ya mkutano kufungwa. Baadhi waliondoka naye. Hakuna aliyejua walikwenda wapi, na usiku huo Gladness na wanawake wengine watatu walibeba mikeka yao wakaenda kulala kwa Bernadeta bila kuelezana sababu.

Asubuhi ya Ijumaa mtu mmoja mrefu alionekana kilimani peke yake, upande wa pili wa jiwe. Alisimama pale muda mrefu. Aliposhuka alipitia kwa Bernadeta, akasimama nje ya uwanja, akabisha. Alichukua mtungi wa baba yake, akaukumbatia kwa mikono miwili. Hakusema kuhusu Tereza jambo lolote, zuri wala baya.

Saa tano na nusu siku hiyo, daftari lenye majina arobaini na moja lilipokelewa Mabatini. Revocatus anasema mabati yatapakiwa wiki ijayo, mvua ikiwahurumia.

Tereza bado yuko juu. Ameambiwa nyumba yake ya bati inaweza kujengwa popote apendapo, na Bernadeta amempa kipande cha uwanja wake, upande usio na nyasi. "Nitafikiri," alijibu. Alipoulizwa kama jina lake liandikwe katika gazeti hili au lifichwe, alisema limefichwa vya kutosha.

Jumamosi, Bernadeta yuko kazini kwake kando ya bonde. Vyungu vipya vimepangwa kivulini, vingi kuliko alivyofinyanga kwa mwezi wowote wa mwaka huu, maana kila aliyeungua anahitaji chungu na fedha za sufuria hana. Wengi atawapa kwa ahadi. Kila kimoja kina alama yake.

Kimoja tu, cha mwisho kwenye ubao, hakina. Kimefunikwa kwa gunia bichi. Bernadeta amemtumia Tereza ujumbe kwamba kinangoja dole gumba lake, lilelile atakalopokelea mabati. Alibonyeze mwenyewe chini ya mdomo, udongo ukiwa bado laini. Hiyo ndiyo itakuwa alama yake, ya hamsini na tatu. Na msiba wa kwanza utakaotokea, Bernadeta anasema, atakwenda kukiazima mwenyewe.

Lakini udongo hausubiri. Ukikauka hausikii tena kidole. Kwa hiyo asubuhi na jioni anachota maji, analowesha gunia, analirudisha juu ya chungu kwa uangalifu, kama anafunika mtoto. Kila mara akimaliza anatazama njia nyeupe inayoshuka katikati ya weusi wa kilima.

"Sasa ni zamu yangu kuwa ndani," anasema. "Akisema hodi, nitaitikia ya kwanza. Hatahitaji kufika ya tatu."